Dhahabu imetoka chini ya mihogo ya mama. Ni ya nani hasa?

Binti wa Mihogo · Jumapili, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa, na rika zangu habari za jioni.

Naombeni mnisome mpaka mwisho, maana nimeandika na kufuta mara tatu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nipo Mwanza. Nyumbani ni mkoa wa Geita. Kijiji sitakitaja, kwa sababu jambo lenyewe bado bichi na mama yangu anaishi palepale.

Mama ana ekari 6. Alianza kuzilima na marehemu baba mwaka 1987. Kwanza walilima pamba, pamba ilipokosa bei wakahamia mihogo na mahindi. Kona ya kusini kuna miembe mitatu na kaburi la baba, aliyefariki 2011. Mimi na wadogo zangu wanne tumesomeshwa na mihogo ya shamba hilo. Hakuna kichuguu nisichokijua pale.

Mwaka juzi wakati wa kiangazi jirani yetu alikuwa anachimba kisima. Akakutana na jiwe jeupe lenye madoa ya kutu, akampa kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi machimboni. Kijana akalitwanga, akaliosha kwenye karai, dhahabu ikabaki chini kama unga wa bizari. Wiki ya pili watu walikuwa mamia. Maturubai, mama lishe, jenereta, vibanda vya kuchaji simu. Mliokaa Geita mnajua rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, inavyoanza. Mwamba wenye dhahabu ulikuwa unaelekea kwetu, na watu waliufuata hadi ndani ya mihogo ya mama bila hata hodi.

Hapo ndipo alipokuja bwana mmoja na gari, ameshika karatasi. Akasema eneo lote lile liko ndani ya leseni yake ya uchimbaji mdogo, na kwamba aliipata kabla ya rashi. Akatandaza ramani juu ya boneti, akaonyesha kona nne. Shamba la mama lote limo ndani. Mama akamuuliza, "Baba, shamba hili nalilima tangu huyu binti yangu hajazaliwa. Hiyo karatasi imeingilia mlango gani?" Yule bwana alijibu kwa adabu kabisa, siwezi kumsingizia. Alisema, "Mama, juu ni kwako. Chini ni kwa serikali, na serikali imenipa mimi."

Mama hajapata usingizi mzuri tangu siku ile. Si kwa sababu ya hasira. Ni mtu wa kutaka kuelewa. Ananipigia simu usiku ananiuliza, "Mwanangu, mzizi wa muhogo unaishia wapi? Huko chini kwa serikali kunaanzia wapi?" Mimi ni mwalimu na sina jibu.

Baadaye tukagundua kwamba ipo karatasi ya ridhaa ya mwenye shamba, na imesainiwa na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Mama hakuitwa. Mgao wanaoutumia uko hivi: katika kila mifuko 10 ya mawe inayotoka, mifuko 3 ni ya leseni, na katika hiyo 3 mmoja ni wa mwenye shamba. Kwenye daftari, mwenye shamba ni baba mdogo. Mama alilipwa shilingi 350,000 za mihogo iliyong'olewa, mara moja, basi.

Swali langu ni hili, na naliuliza kwa nia njema. Nimesoma kwamba Marekani madini ni ya mwenye ardhi. Ukikuta mafuta chini ya nyumba yako, ni yako. Kwetu yote ni ya serikali. Mwaka 2017 tulifurahi sana bunge lilipopitisha zile sheria za rasilimali, na mwaka 2020 tulifurahi tena serikali ilipopata 16% ndani ya Twiga, kampuni ya ubia na Barrick kwenye migodi ya dhahabu. Hata shuleni niliwafundisha watoto kwamba madini ni yetu sote. Sasa huyu mama yangu ni sehemu ya "sisi sote" au siyo? Ingekuwa madini ni ya mwenye shamba, angekuwa salama zaidi?

---

Mzawa wa Sengerema

Pole sana mwalimu. Mimi jibu langu fupi: ndiyo, angekuwa salama. Mtu akitaka kuchimba kwako aje apige hodi, mkubaliane bei, usipotaka aondoke. Babu zetu walikuwa na ardhi yao juu na chini. Aliyekuja kuitenga ni mkoloni kwa faida yake, na sisi tukarithi utaratibu wake tukauita uzalendo. Serikali ichukue kodi yake, hilo halina ugomvi. Lakini mali ni ya mwenye shamba.

---

Mwenye Duara

Mwalimu, salamu kwa mama. Mwambie swali lake la mzizi wa muhogo ni swali ambalo hata sisi tulio chini hatujalimaliza.

Nimeingia machimboni 1998. Nilianza Mererani, kwenye tanzanaiti, nikiwa mwanaapolo, kijana wa kubeba mawe, nikahamia Geita 2006. Leo nina maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia, ndani ya leseni ya mtu mwingine. Nimekaa pande zote za daftari hilo unalolisema: nimekuwa wa kuchimba, wa kusimamia, na sasa wa kumiliki shimo. Leseni sijawahi kuwa nayo. Kwa hiyo sina sababu ya kuwatetea wenye leseni.

Nampinga ndugu wa Sengerema, na namheshimu.

Mwamba haufuati mipaka ya mashamba. Hilo ndilo la kwanza. Mama yako ana ekari 6 juu, lakini mwamba umelala kwa kuinama, na ukishuka mita 50 au 60 unaweza kuwa umeshahama, upo chini ya mtu mwingine. Mererani tulikuwa na neno lake, mtobozano. Wewe unafuata mkanda wako, jirani anafuata wake, siku moja ukuta unatoboka mnakutana uso kwa uso na taa kichwani. Nilikuwepo siku moja kama hiyo. Tulisikia nyundo upande wa pili tangu asubuhi, tukagonga jiwe kuwapa ishara. Mchana wakapiga baruti. Moshi ulituingilia wote, na mwenzangu mmoja tulimpandisha akiwa hajitambui. Alipona, Mungu ni mwema, ila kifua chake hakikurudi kama zamani. Na pale Mererani mipaka ilikuwa imepimwa, vitalu vina herufi A, B, C na D, leseni zipo, maafisa wapo. Sasa nipigie picha kila mwenye nusu ekari ana haki yake mpaka kitovu cha dunia. Tungechinjana.

La pili linaniuma zaidi. Mwenye shamba hajui kilicho chini. Anayejua ni yule aliyetembea na mjiolojia. Kwenye rashi moja, zamani kidogo, nilimwona mzee akiuza ekari 2 kwa pikipiki moja. Pikipiki mpya, nyekundu, alifurahi sana, alimpakia mke wake wakazunguka nayo senta. Miezi minne baadaye maduara kumi na moja yalikuwa kwenye ile ardhi, na mzee anauza maji ya kunywa kwa wachimbaji. Hakuibiwa. Aliuza kwa hiari yake, mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Ndiyo maana naogopa mtu akisema "mali iwe ya mwenye shamba, basi". Itakuwa yake kwa wiki mbili.

Na watu wanadhani mali ikiwa ya umma mchimbaji hapati kitu. Si kweli. Juni 2020 Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, alipata yale mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9 na ushee na jingine la kilo 5 na ushee, serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.74. Kisheria yalikuwa mali ya umma yakiwa ardhini. Alipoyatoa kwa haki, alilipwa.

Lakini mwalimu, uchungu wako una haki yake. Kuna watu mjini wana leseni kumi, kumi na tano, na hawajawahi kushika sururu. Wanakata leseni, wanalipia ada kila mwaka, wanakaa kimya wakisubiri maskini mmoja achimbe kisima. Dhahabu ikionekana, wanakuja na ramani. Mtu wa namna hiyo serikali haikumpa madini ayaendeleze. Amekodi bahati ya wenzake. Hapo ndipo ningetaka sheria iume.

Sasa nikuambie mambo ya daftari ambayo hutayapata kwenye sheria yoyote.

Kwanza mifuko. Mfuko mmoja kati ya kumi ni mgao wa kawaida kwa maeneo mengi niliyopita, si wa kudhulumu sana. Ila nani anachagua mfuko? Mawe hayalingani. Siku ya mgao mwenye shamba anapewa mifuko ya pembeni, kifusi kilichochanganyika, na mawe mazuri yanakwenda karashani, kwenye mashine ya kusaga, usiku. Mama awe na mtu wake wa kusimama pale mdomoni mwa duara, kijana wa kwenu, mwenye kalamu. Mifuko ihesabiwe inapotoka. Isisubiri kuhesabiwa ikiwa imepangwa.

Pili marudio. Huu ndio wizi mkubwa na watu hawauoni. Mawe yakisagwa na kuoshwa kwa zebaki kwenye mwalo, pale pa kuoshea, dhahabu inayoshikwa ni sehemu tu. Sehemu kubwa inabaki kwenye mchanga, na mchanga huo ndio marudio. Unaonekana takataka. Baadaye wenye mitambo ya elusheni, ile ya kutoa dhahabu kwa kemikali, wanaununua kwa lori, wanaulowesha kwa sayanaidi, wanatoa dhahabu kuliko ile ya kwanza. Uliza: marudio ya mifuko ya mama yako wapi? Ni ya nani? Nakuhakikishia hakuna aliyemuuliza.

---

Wakili wa Kanda ya Ziwa

Mwalimu, nitakuwa mfupi kwenye nadharia, niseme zaidi kuhusu la kufanya.

Ndugu wa Sengerema anasema madini yawe ya mwenye ardhi. Kwa Tanzania hiyo ni kuzunguka mbuyu, kwa sababu ardhi yenyewe pia ni ya umma. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mama yako ana haki ya kuikalia na kuitumia, haki yenye nguvu kabisa, lakini si umiliki wa moja kwa moja kama wa Marekani. Sheria ya Madini, Sura 123, inatumia msingi uleule kwa kilicho chini. Kwa hiyo yule bwana alikosea aliposema juu ni kwa mama na chini ni kwa serikali. Juu na chini mmiliki ni mmoja, umma. Mama ana haki ya matumizi juu, yeye ana haki ya kuchimba chini, na haki zote mbili zimetoka mkono uleule. Hakuna aliye mgeni kwa mwenzake.

Na kwa kuwa ni hivyo, sheria haikumruhusu aingie tu. Inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi karibu na nyumba au kwenye shamba lililolimwa, na alipe fidia. Makaburi nayo yametajwa miongoni mwa maeneo yanayolindwa. Leseni ndogo ni kwa Watanzania tu, haizidi hekta 10 kwa madini kama dhahabu, yaani kama ekari 25, na ni ya miaka 7. Hekta 10 zikimeza ekari 6 za mama, inawezekana kabisa. Kinachonishughulisha mimi ni neno "mkaaji halali". Baba mdogo hakai pale.

Angalia mfano wa Botswana. Mwaka 1967 walipitisha sheria ya kuhamisha haki za madini kutoka kwa makabila kwenda kwa serikali. Mwaka huohuo almasi ikapatikana Orapa, ndani ya eneo la Bangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe. Angeweza kusema ni yetu sisi Bangwato. Hakusema. Serikali yao ikajadiliana na kampuni ya almasi ya De Beers mpaka wakafika nusu kwa nusu ndani ya Debswana, kampuni yao ya pamoja, na nchi iliyokuwa maskini sana ikajenga shule na barabara. Kwa hiyo mali ya umma inaweza kufanya kazi. Ila Botswana kulikuwa na mgodi mkubwa, mwekezaji mmoja na hesabu zinazoonekana. Rashi ya kijijini ni jambo jingine, na hapo ndipo haki ya mtu mmoja mmoja inapotelea.

Maswali matatu. Je, mirathi ya marehemu baba ilifunguliwa? Mama ana hati ya kimila? Na ile ridhaa, mna nakala yake?

---

Dereva wa Odessa

Habari za huko nyumbani. Mimi ni mtu wa Tabora, nipo Odessa, Texas, mwaka wa sita sasa, naendesha lori la mchanga unaopelekwa kwenye visima vya mafuta. Mwalimu umeitaja Marekani, basi nikuambie ninachokiona kila siku.

Ni kweli, huku mtu binafsi anaweza kumiliki kilicho chini. Lakini juu na chini huuzwa mbalimbali, kama unavyoweza kuuza ng'ombe na kubaki na ndama. Mama mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka sabini na tano, nyumba ni yake, ekari zake ni zake, na nyuma ya uzio kuna pampu mbili zinainama na kuinuka usiku na mchana. Yeye hapati hata senti ya hayo mafuta. Babu yake aliuza haki za chini miaka ya ukame, alipokuwa na njaa. Aliyenunua aliwauzia wengine, wengine wakarithiwa na watoto na wajukuu. Leo hiyo haki imegawanyika kwa watu ambao hata Texas hawajafika. Wanapokea hundi kwa posta.

Na sikiliza hili. Kwa sheria ya huku, haki ya chini ina nguvu kuliko ya juu. Mwenye mafuta ana ruhusa ya kutumia sehemu ya ardhi ya juu kadiri anavyohitaji ili ayafikie. Atakata barabara kwenye malisho yako, ataweka pedi ya kisima. Wengi hulipa kitu kwa uharibifu, lakini wewe huna nguvu ya kumwambia hapana. Mara ya kwanza bibi aliponieleza, nilimwambia, "Bibi, hii ni kama kwetu, ila kwenu aliyekuja na karatasi hakutumwa na serikali."

Wapo waliotajirika, siwezi kudanganya. Familia ambayo haikuuza chini inapokea mrabaha wake, yaani fungu lake la kile kinachotolewa. Zamani ilikuwa moja ya nane, siku hizi wakili mzuri anakutafutia mpaka robo. Robo! Linganisha na mfuko mmoja kati ya kumi. Lakini mwenye robo ni yule ambaye babu yake hakuwa na njaa mwaka ule.

Kuna jambo jingine lilinishangaza. Hukuhuku Texas, kwa watu wanaopenda mali binafsi kuliko kitu chochote, zimo ekari milioni 2.1 za umma zilizotengwa kwa ajili ya chuo kikuu. Ilikuwa ardhi kavu, ya kulishia mifugo tu. Mwaka 1923 kisima kinachoitwa Santa Rita kikatoa mafuta, na tangu hapo mapato yanaingia kwenye mfuko wa vyuo, na fedha yenyewe hailiwi, huliwa faida yake. Napita kwenye maeneo yale na lori. Nikiona kibao chake huwa nakumbuka sekondari yangu Tabora ilivyokuwa haina maabara.

Kwa hiyo mwalimu, mama yako angekuwa huku, ningemuuliza swali moja tu: mwaka wa njaa, nani alisaini?

---

Mdigo wa Msambweni

Asalaam aleikum. Nami nchangie kidogo kutoka Kwale. Kenya katiba ya 2010 imeweka madini kuwa ardhi ya umma, sawa na nyinyi. Lakini sheria yetu ya madini ya 2016 imegawa mrabaha kabisa: 70% serikali kuu, 20% kaunti, 10% jamii ya pale mgodi ulipo. Kwenye karatasi ni nzuri mno, na mimi naitetea mpaka leo.

Ila mwalimu, huku kwetu mgodi wa titani ulianza kusafirisha mchanga 2014, ukafunga Disemba 2024. Miaka kumi. Hiyo asilimia ya jamii tuliisikia kwenye baraza moja baada ya jingine, wazee wakahudhuria, wengine wakafa wakiingoja. Watoto walizaliwa mgodi unafunguliwa, mgodi ukafungwa wakiwa darasa la tano. Madini hayangoji karatasi imalize kuzunguka. Kwa hivyo mwambie mamako asingoje. Anachodai akidai sasa, wakati mawe bado yanatoka.

---

Binti wa Mihogo · Jumanne, saa 4 usiku

Asanteni sana, wote. Nimemsomea mama majibu yenu kwa simu, moja baada ya jingine, imechukua saa nzima na vocha mbili. Aliomba nimsomee tena Dereva wa Odessa.

Wakili, majibu yangu. Mirathi haikufunguliwa. Baba alipofariki kilifanyika kikao cha ukoo, tukakubaliana mama aendelee na shamba, na hakuna aliyeandika. Wakati ule shamba lilikuwa mihogo tu, nani angeligombania? Hati ya kimila hana. Nakala ya ridhaa nimeipata jana, kijana wa ofisi ya kijiji alinipigia picha. Imeandikwa "mwenye shamba", jina la baba mdogo, dole gumba lake, na mashahidi wawili ambao wote ni wachimbaji waliokuja na rashi. Tarehe yake ni siku ambayo mama alikuwa hospitalini na mdogo wangu anajifungua. Nina kadi ya kliniki yenye tarehe hiyo.

Nimesoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, jana usiku baada ya kusahihisha madaftari. Inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Nilikuwa naamini jambo letu ni kati ya mama na serikali, au kati ya mama na yule bwana wa leseni. Swali langu lote la Jumapili nililijenga juu ya hapo. Sasa naona mkono uliomtoa mama kwenye daftari ni wa ndani ya familia, na ungeweza kumtoa hata kama madini yangekuwa ya mwenye shamba. Tena ungemtoa kirahisi zaidi, kwa sababu kingekuwepo kingi cha kuchukua.

Hilo limeniumiza kuliko ramani ya juu ya boneti. Baba mdogo alinibeba mgongoni nilipovunjika mguu. Sikuandika hapa kumchafua. Nimempigia, nikamwamkia, nikamuuliza. Alinyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, walikuja wakaniambia wanataka mwanaume wa ukoo asaini." Nimemwamini. Amekubali kuja kwenye kikao cha ukoo Jumamosi, na amesema fedha aliyopokea imeandikwa, ipo kwenye daftari lake, hajaificha. Nyingine imelipa ada ya mwanawe.

Ndugu wa Sengerema, moyo wangu bado uko na wewe kwenye jambo moja. Hodi. Awe ni serikali, awe ni mwenye leseni, awe ni shemeji, mtu aingie kwa mama yangu kwa hodi. Sijali mali imeandikwa jina la nani kule juu kama hodi ipo.

Mpango ni huu, mnisahihishe. Jumamosi kikao cha ukoo, safari hii muhtasari uandikwe na wote wasaini. Wiki inayofuata Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, mama awe msimamizi. Kisha kwa Afisa Madini Mkazi, Geita, na nakala ya ridhaa, kadi ya kliniki na barua ya mwenyekiti wa kitongoji, kuomba ridhaa iandikwe upya. Mdogo wangu wa mwisho amekubali kuacha bodaboda kwa muda asimame mdomoni mwa duara na kalamu.

Mwenye Duara, marudio nimeyauliza. Yamerundikwa karibu na mwalo, ni kichuguu kikubwa kuliko nyumba yetu, na msimamizi alishangaa mwalimu kujua neno hilo. Akaniambia yanauzwa mwisho wa mwezi.

Mama ana ombi lake mwenyewe, tofauti na yote haya. Maduara yamefika kwenye mwembe wa pili. Mwembe wa tatu ndipo alipolala baba. Anauliza, chini kwenyewe si wamechimba wanatembea humo kama sungura. Je, mipaka ya kaburi inashuka mpaka wapi?

---

Mwenye Duara

Mwalimu, mwisho wa mwezi ni siku tisa. Usisubiri kikao. Kesho asubuhi mama aandike barua ya kuzuia marudio yasiuzwe, mbili, moja kwa msimamizi na moja kwa Afisa Madini, zigongwe muhuri wa kupokelewa. Hiyo haihitaji mirathi.

Kuhusu kaburi, mwambie mama anipe siku mbili. Alhamisi nitakuwa upande wenu kununua timba, miti ya kushikilia kuta za duara. Nitashuka mwenyewe kwenye duara la mwembe wa pili na kamba ya kupimia, nione mwamba unaelekea wapi. Kama unaenda kwa mzee, nitazungumza na wenye shimo, wengi nawajua. Nitumie jina la kitongoji pembeni, usiliandike hapa.